Breki Iliyoingia Upepo

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka la vipuri mjini Mwanza kutafuta balbu ya taa ya mbele, nikamkuta muuzaji amemwaga mafuta ya breki juu ya kaunta. Alikuwa anayafuta kwa gazeti huku akinung'unika. Harufu ilinifikia kabla sijamsalimia. Kama hamjawahi kuinusa, niwaambieni ilivyo: ni tamu kidogo, nzito, ina kitu cha samaki na kitu cha mbegu za mbarika zilizopondwa, na hukaa puani muda mrefu kuliko petroli. Muuzaji aliniuliza zaidi ya mara moja ninataka nini. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika kijijini Kanoni, uani kwetu, mtoto wa darasa la nne niliyeambiwa nishike chupa kwa mikono miwili na nisiitikise.

Mama yangu alikuwa bibi shamba. Najua siku hizi wanaitwa maofisa ugani, lakini kwetu aliitwa Bibi Shamba, na mimi niliitwa mtoto wa Bibi Shamba hata na walimu waliolijua jina langu vizuri. Alizunguka vijijini akifundisha watu kupogoa mibuni, kuchimba makinga maji kwenye miteremko na kuanika kahawa juu ya vichanja badala ya kuitandaza chini, kuku wakitembea juu yake. Kwa kazi hiyo idara ya kilimo ilimpa pikipiki nyekundu yenye breki ya diski mbele, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kigeni kwetu. Pikipiki nyingi za Kanoni zilikuwa na breki za waya.

Baba ndiye aliyemfundisha kuiendesha. Kabla ya kuoa alifanya kazi kwenye gereji moja ya Bukoba, kisha babu alipofariki akarudi nyumbani kulima. Mafunzo yalifanyika kwenye uwanja wa mpira wa shule yetu wakati wa likizo, na nusu ya kijiji ilikuja kutazama. Mama alivaa suruali ya baba, juu yake akafunga kitenge ili kina mama wa kanisani wasipate la kusema, nao wakalipata hivyo hivyo. Baba alikimbia kando yake ameshika kiti, akimwambia aachie klachi taratibu. Siku mama alipoingiza gia ya pili kwa mara ya kwanza, pikipiki iliondoka, na baba akakimbia nyuma yake mpaka golini, ndara yake moja ikabaki katikati ya uwanja. Mbuzi alikuwa ameshaanza kuitafuna tulipoikumbuka. Walirudi nyumbani wote wawili wamepakizana, wanacheka mpaka mama akashindwa kushuka.

Nataka muwajue hivyo kwanza, wakicheka, kwa sababu ninayotaka kuwasimulia ni ya kipindi ambacho hawakuongea.

Sisi watu wa Karagwe nyumba zetu zinakaa ndani ya migomba. Shamba hilo linaloizunguka nyumba tunaliita kibanja, na mtu aliyekulia mahali pengine anaweza kudhani ni shamba tu kama mashamba mengine. Lakini kibanja ndicho chakula cha kila siku, ndicho kivuli cha kahawa, ndicho pombe ya harusi na majani ya kulalia ndama. Ndani yake ndimo wanamozikwa wazee. Chetu kilipandwa na babu. Bibi, mama yake baba, aliishi kwenye nyumba ndogo upande wa juu wa kibanja hicho hicho, na mbele ya mlango wake ulikuwapo mgomba mmoja mnene ambao chini yake kilizikwa kitovu cha baba alipozaliwa. Bibi aliutilia samadi kuliko mingine yote. Ulikuwa unakatwa na kuchipua, unakatwa na kuchipua, tangu baba akiwa mtoto mchanga.

Kisha ukaja mnyauko. Ulianzia bondeni, ukapanda taratibu kuelekea kwetu. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamechemshwa, ndizi zinaiva ovyo kwenye mkungu ambao haujakomaa, na ukilikata shina linatoa uji wa njano. Hauna dawa. Unabebwa na panga, na nyuki, na mtu mwenye nia njema aliyekuja kukusaidia kupogolea. Mama aliitisha mikutano akawaeleza watu kwamba njia ni moja, kung'oa shina lililougua pamoja na machipukizi yake yote, na yale yanayoligusa, kufukia, kulipitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kukaa miezi bila kupanda kitu cha jamii hiyo mahali pale.

Jirani yetu Mzee Zakaria, ambaye wazazi wake walihamia Karagwe kutoka Burundi, alikuwa wa kwanza kumsikiliza. Kibanja chake kiling'olewa karibu chote. Mama alirudi jioni ile akatuambia kwamba mzee alisimama pale katikati ya shimo machozi yanamtoka, na wanawe wanaendelea kuchimba bila kumtazama. Yeye mwenyewe hakula vizuri usiku huo.

Miezi michache baadaye mnyauko ukavuka uzio wa Mzee Zakaria ukaingia kwetu, upande wa Bibi.

Nilikuwa nachambua maharage barazani nilipowasikia wakizungumza ndani. Baba alitaka ing'olewe ile iliyoonyesha dalili tu, mingine iangaliwe kwanza. Alisema polepole, kama mtu anayejua kwamba anaomba. Mama alimjibu kwamba hilo hawezi. Alisema Mzee Zakaria anapita mbele ya nyumba yetu kila siku akienda kuteka maji, na kama akiona kibanja cha Bibi Shamba kimeachwa, yeye hatakuwa na mahali pa kusimama tena katika kata hii. Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha baba akatoka akapita mbele yangu bila kuona kwamba nipo.

Siku ya kung'oa baba alichimba mwenyewe, pamoja na wana wa Mzee Zakaria. Walianzia chini wakapanda. Walipofika kwenye mgomba wa mlangoni kwa Bibi, wote waliegemea majembe. Mgomba wenyewe ulikuwa bado kijani, lakini yote iliyoungana nao ilikuwa imeshalegea. Mama ndiye aliyechukua panga akaupiga wa kwanza. Alipiga ameinamisha uso, na alipomaliza akaenda moja kwa moja kulipitisha panga motoni, akakaa pale kwenye moto muda mrefu kuliko panga lilivyohitaji. Bibi aliingia ndani akafunga mlango.

Baada ya hapo nyumba yetu iliingia kimya cha ajabu. Hawakugombana. Baba alilima, mama alikwenda kazini, tulisali kabla ya kula kama kawaida. Ila kila neno lilipitia kwangu. Zamani waliitana Mama Kemi na Baba Kemi, kwa jina langu, Kemilembe. Sasa nilikuwa naambiwa mwambie mama yako chai imepoa, mwambie baba yako kesho kuna mkutano wa wazazi, na wote wawili wakiwa wamekaa kwenye meza moja. Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa sana. Nilibeba maneno kama karani. Baadaye nikachoka, nikawa nazurura kwa Bibi ili wasipate wa kumtuma.

Kiangazi kiliisha, mvua za vuli zikaanza, na barabara ya udongo mwekundu ikawa kama sabuni. Wakati huo ndipo mkono wa breki ya mbele ulipoanza kulegea.

Jumamosi moja mama alinipakia twende Omurushaka, nikanunuliwe viatu vya shule. Baada ya kilima cha kwanza niliona anafanya kitu kipya kwa mkono wake wa kulia. Anabana breki, anaachia, anabana tena haraka haraka, kama mtu anayekamua ng'ombe. Sikuuliza. Tukafika kwenye mteremko mrefu unaoshukia kijito cha mafunjo, na katikati ya mteremko ule kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, wale wenye pembe ndefu, wakitembea kwa mwendo wa kutojali mtu. Mama alibana. Kutoka pale nyuma niliuona mkono wa breki ukienda mpaka ukagusa mpini, laini kabisa, kama hakuna kitu upande wa pili. Akakanyaga breki ya nyuma, gurudumu likateleza ubavu, akaliweka sawa. Kisha akageuza usukani akatupandisha kwenye ukingo wa barabara, kwenye majani marefu, pikipiki ikapanda, ikasita, ikalala chini pamoja na sisi.

Hatukuumia, zaidi ya kiwiko cha mama kilichochunika. Mchungaji wa ng'ombe alikuja akatunyanyulia pikipiki, akasema pole nyingi kwa Kinyambo, akaondoka na ng'ombe wake. Mama alikaa kwenye majani. Alikuwa anang'oa nyasi moja moja akiziweka mapajani. Aliniangalia kwa muda, akanipapasa kichwa chote kana kwamba anatafuta kitu, kisha akasema tusimwambie baba. Tukarudi nyumbani tukiisukuma kwenye miteremko na kuiendesha kwenye miinuko tu. Viatu havikununuliwa siku ile.

Baba alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Alitutazama tukiingia kwa miguu. Mama alipoingia ndani kujiosha kiwiko, yeye aliiendea pikipiki, akanyoosha mkono akabana breki ya mbele, kama fundi yeyote anavyobana breki ya pikipiki anayoipita. Mkono ukaenda mpaka mwisho. Akabana tena. Kisha akaniita, akanitoa mbegu za majani kwenye nywele, akaniuliza kama tulianguka. Nilinyamaza kama nilivyoambiwa, na kwa kunyamaza kwangu akapata jibu lake. Uso wake ulibadilika. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akiogopa, na sikujua kwamba kile nilichokiona ni woga. Nilidhani amekasirika.

Akaenda ndani akaleta kisanduku chake cha spana.

Alianza na kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki kilicho juu kwenye usukani, chenye kidirisha cha kioo. Akaniinua nichungulie. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya mstari, na rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokaa. Akachuchumaa akatazama pedi zinazolibana diski, akasema bado ni nene. Akazungusha gurudumu, likazunguka bila kukwaruza. Akaongeza mafuta kutoka kwenye chupa aliyokuwa ameihifadhi tangu enzi za gereji, na hapo ndipo ile harufu ilipoingia maishani mwangu. Akabana breki. Bado laini.

Akanieleza kwamba ndani ya lile bomba linaloshuka kutoka kwenye kikopo hadi gurudumuni kunatakiwa kuwa na mafuta matupu. Mafuta hayabonyei, alisema, ukiyasukuma huku yanasukuma kule. Lakini upepo unabonyea. Ukiingia upepo kidogo tu, mkono wako unausukuma upepo, na breki haipati habari.

Alichomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa aina ile ya dripu, kwenye kiskrubu cha kutolea upepo kule chini, ncha ya pili akaitumbukiza kwenye chupa ya soda. Kisha akaniita nibane breki. Nilitakiwa kubana na kushikilia wakati yeye anafungua, na nisiachie mpaka afunge. Vidole vyangu vilifika kwenye ule mkono kwa shida. Nilibana kwa mikono yote miwili, akafungua, mafuta yakatoka na mapovu, mkono ukazama ghafla, nami nikashtuka nikaachia. Upepo ukarudi ndani. Tukajaribu tena, nikaachia tena. Hakunigombeza. Alijifuta mikono, akaitazama spana yake, kisha akasema, "Mwambie mama yako aje abane breki."

Nilikimbia jikoni. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimpa ujumbe kama nilivyopewa. Aliweka kisu chini, akaosha utomvu mikononi kwa mafuta na maji bila haraka, akaja.

Mimi nikapewa kazi ya chupa. Niliishika kwa mikono miwili, nikawa naongeza mafuta kwenye kikopo kila yaliposhuka, maana kikiachwa kikauke upepo unaingia upya na kazi yote inaharibika. Mama alisimama upande wa kulia ameshika breki. Baba alichuchumaa mbele ya gurudumu, kichwa chake karibu na goti la mama. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, akamwambia kitu bila kunipitia mimi.

"Bana."

"Nimebana," mama akasema.

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Akafungua, mapovu yakapita kwenye mpira kama shanga, akafunga. "Achia." Na tena, bana, nimebana, shikilia, nimeshikilia. Waliendelea hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Hapakuwa na neno jingine. Lakini sauti zao zilikuwa zinafuatana, na mimi nilisimama pale katikati na chupa yangu nikitamani mapovu yasiishe. Yaliisha. Mkono wa breki ukawa mgumu, ukasimama katikati ya safari yake. Baba alisema vizuri, mama akarudi jikoni. Wakati wa kula baba aliniambia nimwombe mama yangu chumvi.

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, baba alibana tena. Breki ilikuwa imelegea upya.

Niliona mabega yake yakishuka. Alizunguka pikipiki, akainama, akainuka. Mama alitoka akiwa ameshavaa nguo za ibada, akasimama mlangoni akimtazama. Kisha akasogea, akaanza kuongea taratibu, macho yake yakiwa kwenye bomba. Alisema kama tumeutoa upepo na umerudi, basi kuna mahali unaingilia, na kuutoa tena bila kupajua mahali hapo ni kazi bure. Baba akasema amepapasa maungio yote, hajaona unyevu. Mama akaingia ndani akarudi na kitambaa kikavu na kopo la poda ya mtoto. Akafuta kila ungio mpaka likawa kavu kabisa, kutoka kwenye kikopo cha juu hadi chini kwenye gurudumu, kisha akapaka poda, kama anavyopakwa mtoto shingoni. Baba alimwelewa mara moja. Akakata ukanda wa tyubu kuukuu, akabana breki kwa nguvu zote, akaufunga mkono kwenye mpini ili mafuta yakae yamesukumwa muda wote. Tukaenda kanisani tukiiacha pikipiki imesimama uani, nyekundu na nyeupe. Bibi, aliyetoka kwake kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi ili tuongozane, aliuliza kama na yenyewe inabatizwa.

Mahubiri ya siku ile yalikuwa marefu kupita kiasi. Tuliporudi wote wawili waliiendea moja kwa moja, kabla hata ya kuvua viatu. Poda ilikuwa kavu kila mahali isipokuwa pale juu, bomba linapoungana na kikopo. Hapo palikuwa na duara dogo la unyevu, jembamba kama ukucha. Baba alifungua akakuta washa ya shaba, kile kiduara chembamba cha kuzibia ungio, imeliwa upande mmoja. Alimwonyesha mama kwenye kiganja chake. Walisimama wameinamia kile kiganja muda mrefu kwa kitu kidogo vile.

Baba alichukua baiskeli ya Mzee Zakaria akaenda Omurushaka kwa Mzee Hamadi, muuza vipuri ambaye watu wake walitoka Pangani na ambaye Jumapili alifungua kama siku nyingine. Aliporudi alikuwa na washa mpya kwenye karatasi, na salamu za Mzee Hamadi kwa Bibi Shamba, kwamba asipande chombo chochote chenye breki ya mashaka, kilima hakimsubiri mtu. Alizifikisha salamu hizo mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na hakunituma.

Wakaanza upya. Mama juu, baba chini, mimi na chupa. Bana, nimebana. Mapovu yalitoka mengi. Baba alikuwa anafanya polepole kuliko jana, na katikati ya kazi, akiwa ameshikilia spana na hajafungua, akazungumza akiutazama ule mpira.

"Siku ile, ulipoukata ule wa mlangoni kwa mama, hukuniangalia."

Mama alikuwa amebana breki. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona mishipa ya mkono wake.

"Ningekuangalia," akasema, "ningeuacha."

Kuku walikuwa wanapekua kwenye maganda. Baba alibaki amechuchumaa vile vile, na nadhani alisahau kwamba mama bado ameshikilia, kwa sababu mkono wa mama ulianza kutetemeka kwa kuchoka na hakuachia.

"Fungua basi, Baba Kemi," akasema hatimaye. "Vidole vinakufa."

Baba akafungua. Mapovu ya mwisho yakapita, halafu mafuta safi yasiyo na kitu.

"Achia, Mama Kemi."

Alizunguka kijiji na pikipiki, akarudi, akashuka akampa mama naye azunguke. Alisimama barabarani mpaka akamwona anarudi. Jumatatu mama alikwenda Kihanga kazini, na mvua ilinyesha siku nzima, na alirudi salama. Kwa Bibi ardhi ilikaa wazi muda wote uliotakiwa, tukapanda maharage, kisha mama akaleta machipukizi safi na baba akayapanda. Bibi alichagua mwenyewe lipi likae mbele ya mlango. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilisahaulika. Baba aliendelea kwa miaka kutopita upande ule bila kupunguza mwendo. Lakini walikuwa wakiongea, na kazi yangu ya ukarani ikaisha.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ilikuwa bahati. Niliamini breki iliharibika, kazi yake inahitaji watu wawili, vidole vyangu havikufika, na kwa hiyo wazazi wangu wakalazimika. Hata nilishukuru kimoyomoyo kwa ile washa ya shaba.

Kisha nikakua, nikaajiriwa kwenye kazi ya kununua kahawa upande wa Kyerwa, nikapewa pikipiki yangu. Siku moja breki ya mbele ikalegea, nikaipeleka kwa fundi wa kando ya barabara. Alichomeka mpira wake, akapiga goti, mkono mmoja akaupeleka juu kwenye breki, mwingine chini kwenye spana. Akabana, akafungua, akafunga, akaachia, huku akiongea na mwenzake habari za mpira. Nilimuuliza kama hahitaji mtu wa kumbania. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama anahitaji mtu wa kumlisha. Akasema hiyo ni breki ya mbele dada, vyote viko karibu, mtu mwenye mikono yake anafanya mwenyewe.

Nilikaa kwenye benchi lake. Baba yangu ni mrefu. Mikono yake ilifika popote kwenye pikipiki ile. Na alikuwa fundi wa gereji, asingeshindwa kujua kwamba vidole vya mtoto wa darasa la nne havitaweza kubana breki. Aliniita mimi kwanza ili apate sababu ya kunituma jikoni.

Pasaka iliyofuata nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amelala kidogo baada ya ibada, mama anamenya ndizi, nami nikachukua kisu nikamsaidia. Nikamsimulia kuhusu yule fundi wa Kyerwa, nikimchungulia usoni, nikidhani ninampelekea habari mpya.

Hakuacha kumenya. "Najua," akasema. "Mwaka mmoja kabla ya hapo alitoa upepo kwenye breki kama hiyo hiyo, ya pikipiki ya katekista, hapo hapo uani, peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa barazani namwangalia."

Nikamuuliza kwa nini basi aliacha kazi zake jikoni akatoka.

"Aliniita," mama akasema, akaitupia ndizi ndani ya maji.